Majeshi yalijifunza lini kupigana mjini, na kwa nini husahau

Swali la msomaji wa Mwanza: "Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa askari wa JWTZ katika vita vya Kagera na aliingia Kampala mwaka 1979. Anasema mafunzo yao yote yalikuwa ya porini, hakuna aliyewafundisha kupigana kwenye maghorofa. Siku hizi vita karibu vyote naona viko mijini. Je, majeshi yalianza lini kufundisha jambo hili kama somo? Ni nini kimebadilika? Na droni zitamwondolea askari wa miguu kazi hiyo?"

Marahaba, na umpelekee babu salamu zangu. Alichokuambia ni kweli, na hakikuwa cha jeshi letu peke yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, askari wa karibu kila nchi alifundishwa kwa ajili ya pori, mashamba na nyika. Mji ulikuwa mahali pa kuzunguka, si mahali pa kupigania. Habari ya droni nitaifikia mwishoni. Maswali yako mawili ya kwanza nitayajibu kwa pamoja kwa sababu hayatengani. Mbinu za kuteka nyumba zilikuwa zimeshajulikana vizuri kufikia mwisho wa mwaka 1943, na hadi leo hazijabadilika sana. Kilichobadilika ni nani anayewekwa kwenye mtaa wa mazoezi. Zamani aliwekwa adui tu. Leo raia naye anawekwa. Badiliko hilo limelipiwa kwa damu nyingi, na sehemu ya damu hiyo imemwagika huku kwetu.

Wazo la kuukwepa mji ni la kale. Sun Tzu wa China aliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba kushambulia miji yenye kuta ni njia ya mwisho kabisa. Kwa mkuu wa jeshi ni ushauri mzuri, lakini una hatari yake: jeshi likishaamini kwamba halitapigana mjini, halioni haja ya kufundisha watu wake namna ya kupigana huko. Kisha adui anajifungia mjini, na vijana wanaanza kujifunza siku ile ile wanayouawa.

Stalingrad ndiyo shule inayotajwa zaidi, na inastahili. Septemba 1942 Jenerali Vasily Chuikov alikabidhiwa Jeshi la 62 la Kisovieti ndani ya mji huo, mto Volga ukiwa mgongoni kwake na ndege za Wajerumani zikitawala anga. Aliona kwamba rubani hawezi kudondosha bomu pale ambapo askari wa pande mbili wametenganishwa na upana wa barabara, kwa hiyo akawaamuru watu wake wamkaribie adui kadiri inavyowezekana. Halafu akavunjavunja vikosi vyake na kuunda makundi madogo ya kushambulia. Watu sita hadi wanane wenye bunduki fupi za rashasha, mabomu ya mkono, visu na koleo walitangulia kuingia jengoni. Nyuma yao lilikuja kundi la kuimarisha, lenye rashasha nzito, silaha za kuvunja vifaru na wahandisi wenye baruti. Kundi la tatu lilibaki akiba. Badiliko kubwa hapo lilikuwa la mamlaka kuliko la silaha. Jenerali hawezi kuona ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo uamuzi ulishuka hadi kwa sajini aliye mlangoni. Kila jeshi lililofanya vizuri mjini baada ya hapo lilikubali jambo hilo.

Lakini ukitaka kuona mbinu yenyewe kwa karibu, nenda Ortona, mji mdogo kwenye pwani ya mashariki ya Italia, Desemba 1943. Vikosi viwili vya Kanada, Loyal Edmonton na Seaforth Highlanders, vilipambana humo na askari wa miavuli wa Kijerumani kwa wiki nzima, Krismasi ikiwemo. Wajerumani walikuwa wameangusha nyumba ili vifusi vizibe njia za pembeni, wakaacha barabara kuu wazi ili Wakanada wapite huko na kufyekwa. Fikiria Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta: ukiteka moja, huna haja ya kurudi barabarani ili uifikie ya pili. Wakanada walipanda ghorofa ya juu, wakatega baruti kwenye ukuta wa pamoja, wakashuka chini kujikinga na mlipuko, kisha wakapanda tena mbio na kupenya kwenye tundu kabla vumbi halijatulia. Nyumba ya pili waliisafisha kutoka juu kwenda chini, kwa sababu anayeshuka ngazi huku akirusha bomu la mkono ana nafuu kuliko anayepanda. Hivyo ndivyo walivyosonga mtaa baada ya mtaa. Hasara yao ilikuwa kubwa. Kuna jengo ambalo Wajerumani walilitega na kulilipua likiwa na karibu platuni nzima ya Wakanada ndani.

Wakati huo tayari Uingereza ilikuwa imegeuza mitaa ya Battersea, jijini London, iliyobomolewa na mabomu ya Wajerumani, kuwa shule ya mapigano ya mitaani. Januari 1944 Jeshi la Marekani lilitoa mwongozo kamili kuhusu kushambulia ngome na kupigana mijini. Kwa hiyo kama unataka mwaka ambao jambo hili lilikuwa somo lenye kitabu chake, mimi ningekutajia kipindi hicho cha 1942 hadi 1944.

Soma miongozo ya enzi hizo uone kinachokosekana. Imejaa kuta, madirisha, paa na mitaro ya maji machafu. Mwenye nyumba anatajwa kwa shida, kama mtu ambaye ameshahama. Februari 1945 Wamarekani waliingia Manila, mji mkuu wa Ufilipino uliokuwa bado umejaa watu. Jenerali Douglas MacArthur alikataza ndege zisiupige, lakini mapigano yalipokuwa makali mizinga iliruhusiwa, na Wajapani kwa upande wao waliwachinja wakazi kwa makusudi. Vita vilipokwisha mwanzoni mwa Machi, raia wapatao 100,000 walikuwa wamekufa. Ungetegemea baada ya maafa kama hayo miongozo ya kijeshi iandikwe upya kuanzia na raia. Haikuwa hivyo.

Badala yake ulikuja usahaulifu. Vita Baridi viliwafanya wakuu wa majeshi wafikirie vifaru kwenye tambarare za Ulaya. Asubuhi ya 31 Januari 1968, vikosi vya Vietnam Kaskazini na Vietcong, wapiganaji wa msituni wa Kusini, viliuteka mji wa Hue, na askari wa majini wa Marekani waliotumwa kuukomboa walikuwa wamezoea mashamba ya mpunga na msitu. Luteni Kanali Ernest Cheatham, kamanda wa kikosi kimoja, kabla ya kuingia mjini ilimbidi apekue masanduku kambini Phu Bai kutafuta miongozo ya zamani ya kupigana kwenye majengo, akaisoma, kisha akaomba silaha za kuvunja kuta. Hebu mtazame mtu huyo: jeshi lake lilikuwa limeshalipia elimu hiyo miaka 24 nyuma, naye anaitafuta kwenye sanduku huku vijana wake wanasubiri. Na hata baada ya Hue, mwongozo mpya wa Marekani wa mwaka 1979 bado ulisisitiza kwamba miji itengwe na kuzungukwa, na isipiganiwe ila inapolazimu.

Warusi nao, wenye Stalingrad yao, walisahau vibaya zaidi. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1994, walipeleka safu za vifaru ndani ya Grozny, mji mkuu wa Chechnya, bila askari wa miguu wa kutosha pembeni. Brigedi ya 131 ilifika hadi kituo cha treni katikati ya mji, ikazingirwa na kuteketezwa, kamanda wake akiwa miongoni mwa waliokufa. Wachechnya walifanya kazi katika makundi madogo: mmoja na RPG (silaha ya begani ya kurusha roketi ya kuvunja vifaru), mmoja na rashasha, mmoja mdunguzi. Walipiga gari la mbele na la nyuma, safu ikakwama katikati. Mtutu wa kifaru una mpaka wa kuinuka na kushuka, na wao walirusha kutoka ghorofa za juu na vyumba vya chini ya ardhi, mahali ambapo mtutu haufiki. Chuikov angewaambia hayo kabla hawajawasha injini.

Ukiniuliza kwa nini usahaulifu huu unajirudia, nitakutajia sababu ninazoziamini. Mtaa wa mazoezi ni ghali kuujenga na ghali zaidi kuubomoa kila wiki, wakati pori ni bure. Aliyejifunza kwa vitendo anastaafu, na anayempokea anapandishwa cheo kwa kufanya vizuri kwenye mazoezi ya porini. Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote ni ile dhana kwamba mji utakwepwa. Dhana hiyo inampa afisa wa mafunzo ruhusa ya kuuweka mji mwisho wa ratiba, na mwisho wa ratiba ndiko mambo hukatwa.

Raia aliingia kwenye mafunzo kwa njia ya pembeni, kupitia Ireland Kaskazini. Waingereza walianza kupeleka askari wao kwenye mitaa ya Belfast na Derry mwaka 1969, wakagundua kwamba askari aliyefundishwa kuua kwanza ni hatari kwa jeshi lake mwenyewe. Kwa hiyo walijenga mitaa ya mazoezi, Kent huko kwao na Sennelager nchini Ujerumani, na mtaa mmojawapo ukaitwa Mji wa Mabati kwa jinsi ulivyojengwa. Humo askari wengine walivaa kiraia wakacheza wenyeji: mama anayepiga kelele mlangoni, vijana wanaorusha mawe, na katikati yao mmoja mwenye bunduki. Kuruta alipimwa kwa risasi alizojizuia kupiga sawa na zile alizopiga. Kwa maoni yangu hapo ndipo somo hili lilipogeuka kweli, ingawa majeshi mengine hayakulitilia maanani kwa miaka 20 zaidi.

Kilichowaamsha ni Mogadishu. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, operesheni ya Wamarekani ya kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid, mbabe wa kivita wa Somalia, iligeuka kuwa mapigano ya usiku kucha baada ya helikopta mbili kuangushwa. Askari 18 wa Marekani walikufa, na Wasomali mamia. Msafara wa magari uliotumwa kwenye helikopta ya kwanza ulikuwa ukielekezwa na ndege iliyo juu, lakini maneno yalipitia kwanza makao makuu. Amri ya "geuka kushoto" ilimfikia dereva akiwa ameshaipita kona. Waliosalia walitolewa na magari ya deraya ya Malaysia na Pakistan, kwa sababu Wamarekani wenyewe hawakuwa na deraya pale. Baada ya hapo mji wa mazoezi wa Fort Polk, Louisiana, uliitwa Shughart-Gordon, majina ya askari wawili waliokufa siku hiyo. Na Jenerali Charles Krulak wa askari wa majini akaja na fundisho la mitaa mitatu: katika mji mmoja, siku moja, kikosi kile kile kinaweza kugawa chakula mtaa huu, kutenganisha wagombanao mtaa wa pili, na kupigana kufa na kupona mtaa wa tatu. Koplo ndiye anayepaswa kujua yuko mtaa upi.

Tangu hapo miji ya mazoezi imekuwa mikubwa. Ufaransa ina kituo chake Sissonne. Ujerumani imejenga Schnöggersburg, yenye mamia ya majengo, mto wa kuchimbwa na hata kipande cha reli ya chini ya ardhi. Marekani ilijaza vijiji vya mazoezi vya Fort Irwin watu wanaozungumza Kiarabu. Haya yanapendeza kwenye picha, ila mimi nayapima kwa swali moja: wakazi wangapi wamo kwenye zoezi, na afisa akimuua mmoja wao anafeli au anaendelea?

Sasa nije kwetu. Babu yako aliingia Kampala na Divisheni ya 20 ya Meja Jenerali David Musuguri, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 bila yale mapigano ya nyumba kwa nyumba ambayo yangetarajiwa. Jeshi la Idi Amin lilikuwa limeshavunjika, hiyo ni sababu moja. Nyingine ni uamuzi wa Mwalimu Nyerere wa kuiacha wazi barabara ya mashariki kuelekea Jinja, ili askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin wapate pa kutokea. Adui mwenye njia ya kutoka huitumia. Aliyezibiwa kila upande hujichimbia ndani ya majengo na kuyaharibu pamoja naye. Huo ni uamuzi wa vita vya mjini wa kiwango cha juu kabisa, na uliokoa Watanzania, Waganda na Walibya. Nasikitika kuwa maafisa vijana wanasomeshwa Stalingrad bila kusomeshwa barabara ya Jinja.

Kinyume chake ni Kisangani. Kuanzia 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Wakongo. Yalitumia mizinga na makombora kama vile yako porini. Umoja wa Mataifa ulikadiria makombora zaidi ya 6,600 na raia zaidi ya 700 waliouawa. Wakazi wa Kisangani bado wanaviita vita vya siku sita. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, Kisangani ikiwemo.

Jeshi hilo hilo la Uganda lilitua Mogadishu Machi 2007 chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na Burundi ikafuata mwishoni mwa mwaka huo. Miaka ya kwanza walikuwa wamebanwa kwenye uwanja wa ndege, bandari, ikulu ya Villa Somalia na makutano ya Kilomita Nne. Al-Shabaab walichimba mahandaki yaliyokata mitaa na wakaweka wadunguzi kwenye magofu. Mganda aliyezoea vita vya msituni alijifunza kwamba barabara ni kaburi. Akaanza kutoboa kuta na kusonga ndani ya nyumba, akabeba viroba vya mchanga kila alipoteka chumba, akaziba madirisha, akaweka mdunguzi wake mwenyewe. Mbinu ni ile ile ya Ortona, imezaliwa upya. Baadhi ya mafunzo yalitoka kambi ya Singo, Uganda, kwa msaada wa Marekani, na mengine kwa washauri wa Bancroft, shirika binafsi la Marekani, waliokuwa mjini pamoja nao, lakini mwalimu mkuu ulikuwa mtaa wenyewe. Warundi waliteka jengo la iliyokuwa wizara ya ulinzi mapema mwaka 2011 kwa hasara kubwa sana. Tarehe 6 Agosti 2011, Paul Lokech akiwa ndiye anayeongoza Waganda, al-Shabaab waliondoka mjini.

Kwangu mimi, hata hivyo, jambo kubwa la Mogadishu halikuwa matundu ukutani. AMISOM ilikuwa ikishambuliwa kwa makombora kutoka sehemu zenye watu, hasa karibu na soko la Bakara, nayo ilikuwa ikijibu kwa makombora yaliyoanguka sokoni. Kila kombora lililomwua muuza nyanya liliwapa al-Shabaab sababu ya kuandikisha vijana. Mwaka 2011 AMISOM ilipitisha sera ya kudhibiti matumizi ya makombora na mizinga, na Bakara likatangazwa kuwa eneo lisilopigwa. Baadaye kikaundwa kitengo cha kufuatilia raia waliodhurika. Utekelezaji ulikuwa na mapungufu, na malalamiko hayakwisha. Lakini tazama safari yenyewe: kutoka Kisangani mwaka 2000 hadi sera ile ni miaka 11, na wengi wa waliojifunza ni maafisa wa jeshi moja.

Ufilipino ilipita njia hiyo kwa haraka mwaka 2017. Jeshi lake lililozoea msitu lilitumia miezi mitano kuukomboa mji wa Marawi, na askari wakafunga mbao kwenye magari yao ya deraya kupunguza makali ya RPG. Mwaka 2022, zaidi ya nchi 80 zilitia saini tamko la Dublin kuhusu silaha za milipuko katika maeneo yenye watu. Si sheria yenye kufunga mkono, ila sasa afisa mwanasheria ana karatasi ya kuweka mezani kamanda anapoomba mizinga.

Droni sasa. Zimeingia kwenye mafunzo na hazitatoka. Huko Mosul, Iraki, 2016 hadi 2017, Dola la Kiislamu lilidondosha mabomu madogo kutoka kwenye droni za kununua dukani, na leo seksheni ya askari wa miguu inafundishwa kutanguliza droni dirishani kabla ya kuingia. Inaokoa maisha. Lakini droni huona paa na barabara. Ndani ya zege nene mawasiliano yake hukatika, na haiwezi kuuliza nani yuko chini ya ngazi, wala kukaa jengoni usiku ili adui asirudi.

Angalia kiwanda cha chuma cha Azovstal, Mariupol, mwaka 2022. Warusi walikuwa na ndege, makombora, mizinga na droni, na bado wapiganaji wa Ukraine walishikilia mahandaki ya chini ya kiwanda hadi katikati ya Mei. Mamia ya raia walikuwa humo humo pamoja nao. Hakuna mtambo uliowatenganisha. Raia walitolewa kwa mazungumzo, mabasi ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu yakisubiri nje, na wapiganaji waliobaki wakajisalimisha baadaye kwa amri ya wakuu wao. Kwa hiyo askari wa miguu hataondoka mjini. Atakachohitaji kufundishwa zaidi ni namna ya kufungua njia ya watu kutoka na kuilinda kwa saa chache huku vita vikiendelea pembeni, na hicho ndicho kipengele ambacho bado nakiona kwa nadra sana kwenye ratiba za mazoezi.